Kununua sarafu za kale kwenye maonesho makubwa: mwongozo kwa mkusanyaji wa Mwanza

Rupia ya Mjerumani iliyo safi utaipata Berlin kwa urahisi kuliko Tabora. Zilizobaki kwetu, nyingi zimetobolewa zikavaliwa shingoni, zimesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka zikapoteza sura, au ziliishia kwa sonara zikayeyushwa kuwa bangili. Zile walizoondoka nazo Wajerumani wenyewe zimekaa kwenye madroo ya familia zao miaka mia na zaidi, na sasa wajukuu wanaziuza. Kwa hiyo mkusanyaji wa Kanda ya Ziwa aliyekwisha jaza daftari lake senti kumi za tundu, akitaka kupanda ngazi, ipo siku atafikiria safari.

Maonesho ya World Money Fair hufanyika Berlin mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari. Marekani kuna yale ya American Numismatic Association, ambayo kwa kawaida huwa Agosti, na London kuna Coinex. Hapa nazungumzia Berlin kwa sababu ndiko sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani ziliko tele, lakini popote utakapokwenda mambo ni yaleyale. Na sehemu kubwa ya kazi inafanyika hapahapa Mwanza. Ukumbini unakwenda kuthibitisha tu kile ambacho tayari unakijua.

Hatua ya 1: Chagua uwanja wako

Ukumbi wa maonesho una meza mamia. Asiyejua anachotafuta atarudi na sarafu ya Uturuki, medali ya reli ya Austria na mfuko mtupu. Chagua uwanja mmoja kabla ya yote.

Wapo wanaofuata sarafu za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zile za kuanzia 1890: pesa za shaba (pesa ni jina la sarafu yenyewe), robo, nusu na rupia nzima, pamoja na rupia mbili za 1893 na 1894. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, na kofia yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Wakati huo rupia moja ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo yenyewe, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na sarafu zikaandikwa Deutsch Ostafrika. Zina herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Wengi hawaitazami herufi hiyo, kumbe katika miaka kadhaa ndiyo inayotenganisha sarafu ya kawaida na ya shida.

Halafu kuna Tabora 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vimebana, meli haziji, sarafu zimekwisha. Wajerumani wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Walipiga heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba nyeupe, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka Sekenke, Singida. Zilipigwa 16,198 tu, na hiyo ndiyo sarafu ambayo kila mkusanyaji wa nchi hii anaiota. Kama mfuko hauruhusu, ruhusa kuota.

Wenye mfuko wa wastani nawashauri waanze na sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, shilingi za simba kuanzia 1921. Kuna raha yake humo. Chukua senti 5 au senti 10 za mwaka 1936: baadhi zina jina la mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla hata ya kuvishwa taji. Kwa kuwa sarafu hizo zina tundu katikati, hazikuhitaji picha ya mfalme, ndiyo maana zilipigwa na kutoka wakati Uingereza yenyewe haikuwahi kutumia sarafu zenye sura yake. Bei yake ni ya chini kabisa, na ukiwaonyesha wageni sebuleni wanakaa kimya kusikiliza.

Za Tanzania huru pia ni uwanja. Seti ya 1966 yenye sura ya Mwalimu, samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye 20, sungura kwenye 50 na mwenge kwenye shilingi, utaipata kwa bei ya chai ikiwa imechakaa. Ikiwa bado inang'aa kama ilivyotoka benki, ni habari nyingine. Za 1974 za kuhifadhi wanyamapori ni nzuri sana: shilingi 25 twiga na shilingi 50 faru, zote za fedha, na shilingi 1,500 duma ya dhahabu.

Hatua ya 2: Andika karatasi ya uzito

Hiki ndicho kifaa chako cha kwanza, na hakina gharama. Chukua karatasi moja, andika kila sarafu unayoitafuta, uzito wake, kipenyo na madini yake. Rupia moja ni gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India ya wakati ule, na fedha yake ni sehemu 917 kati ya 1,000. Nusu rupia ni gramu 5.83. Rupia mbili ni 23.32. Rupia 15 ya Tabora ni gramu 7.17 na dhahabu yake ni 750 kati ya 1,000. Heller 5 ile kubwa ya 1908 na 1909, pana kama mfuniko, ni gramu 20. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ni gramu 7.8 hivi, na fedha ndani yake ni robo tu; ndiyo maana zilizochakaa huwa na rangi ya manjano puani kwa simba. Riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ni gramu 28.07.

Sarafu iliyotembea mikononi miaka mingi hupungua kidogo. Rupia ya gramu 11.4 isikutie hofu. Ya gramu 10 iache mezani.

Pembeni ya kila sarafu andika bei. Si bei ya matangazo, maana mtu anaweza kutangaza rupia yake kwa bei ya trekta na asipatikane wa kununua. Tafuta bei ambazo sarafu ziliuzwa kweli minadani. Nyumba nyingi za mnada huziweka wazi mtandaoni. Ukishaziona utapona ugonjwa wa vijiweni, ule wa "rupia moja mzungu anainunua mamilioni". Watu wamechimba mashimo marefu wakitafuta mali ya Mjerumani kwa sababu ya maneno hayo.

Hatua ya 3: Zoeza macho hapa nyumbani

Kabla ya kushika sarafu ya bei kubwa, shika za bei ndogo nyingi. Pita Mlango Mmoja kwenye mitumba na vyombo vya zamani, pita Makoroboi, uliza wazee wa Ukerewe na Bukoba waliohifadhi makopo ya senti. Usiingie na pupa. Msalimie mzee, shikamoo yake aipate, kaa, zungumzeni mambo ya mvua na bei ya dagaa, sarafu zitakuja zenyewe. Ukimwonyesha una haraka atadhani ameficha almasi.

Masonara wetu ni walimu wazuri. Mji huu unaishi na dhahabu ya Geita, kwa hiyo mizani ya kupima hadi senti za gramu iko kila kona. Mwombe sonara akufundishe kuitumia, kisha nunua yako ndogo ya mfukoni, pamoja na kioo cha kukuzia kama kile cha madalali wa madini, sumaku, na kipimio cha venia cha mafundi.

Kipimo kimoja ukizoee mpaka ukifanye usiku umeme ukikatika. Pima sarafu ikiwa kavu, tuseme rupia, upate 11.66. Weka glasi ya maji kwenye mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe majini bila kugusa chini wala pembeni, soma namba. Rupia halali itaonyesha gramu 1.13 hivi. Ukigawa 11.66 kwa namba hiyo unapata kama 10.3, ambao ndio msongamano wa fedha ya aina ile. Ya bati, ya zinki au ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha itakupa namba nyingine kabisa. Jaribio hili wauzaji ukumbini hawatakuruhusu ulifanye, hivyo lifanye nyumbani kwa sarafu nyingi mpaka mkono wako uzoee uzito wa fedha.

Sheria nayo uijue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa kitu cha kale chenye ulinzi. Shaba ndogo za masultani wa Kilwa zimo humo. Mtu akikuletea, usinunue na usizisafirishe, mwelekeze makumbusho. Rupia na heller ziko upande huu wa mwaka huo, ila riale ya Maria Theresa ina mtego: zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa karne ya ishirini, kwa hiyo tarehe peke yake haikuambii umri wake.

Hatua ya 4: Safari na fedha

Viza ianze mapema, hoteli iwe karibu na ukumbi. Fedha taslimu ndiyo lugha ya meza nyingi, euro noti ndogondogo. Ukiingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima utangaze forodhani, na sarafu za dhahabu yenye usafi wa asilimia 90 kwenda juu zinahesabiwa kama fedha taslimu. Rupia 15 ya Tabora haifiki usafi huo. Duma wa 1974 anafika.

Kama unakwenda na sarafu zako za kubadilishana, zipige picha na uziandikie orodha kabla ya kuondoka. Mfuko ubebe kifuani, usiweke mgongoni.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, zunguka

Ingia asubuhi milango inapofunguliwa. Mbele utakuta viwanda vya serikali mbalimbali vinauza sarafu mpya zinazong'aa, na foleni ndefu. Pita. Nenda upande wa wauzaji wa sarafu za kale, zunguka meza zote bila kununua, andika namba ya meza na ulichokiona. Utashangaa rupia ileile ya 1911 ina bei tatu tofauti ndani ya hatua ishirini.

Isipokuwa kitu kimoja: ukikuta sarafu uliyoitafuta muda mrefu, hali nzuri, bei iko ndani ya karatasi yako, nunua hapohapo. Hiyo haitakusubiri uzunguke. Wafanyabiashara wenyewe ndio wanunuzi wa kwanza wa kila maonesho, na wanawahi kuliko wewe.

Hatua ya 6: Kukagua sarafu mezani

Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Anza na kikaratasi kilicho kwenye kifuko. Wajerumani huandika hali ya sarafu kwa vifupisho: st ni ile isiyoguswa, vz inafuata, kisha ss ambayo imetumika lakini inasomeka vizuri, halafu s ambayo imechakaa sana. PP ni ile iliyopigwa maalumu ikang'aa kama kioo. Maneno yanayofuata ndiyo yenye sumu: Hksp. ni alama ya kitanzi, yaani iliwahi kuvaliwa, Kr. ni mikwaruzo, Rf. ni kasoro ya ukingo, ger. ni iliyosafishwa. Muuzaji mwaminifu ataandika. Asiyeandika, jicho lako ndilo litakaloandika.

Omba ruhusa kabla ya kuitoa kwenye kifuko. Ishike ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa au juu ya meza, kamwe si juu ya sakafu. Usishike mbili mkono mmoja. Leta taa ya meza upande mmoja, inamishe sarafu polepole mwanga utembee juu yake. Tochi ya simu haifai, inalainisha kila kitu na kukuficha mikwaruzo.

Kwenye rupia ya Kaiser, tazama kwanza tai wa kwenye kofia. Manyoya ya mabawa ndiyo ya kwanza kufutika. Yakiwa yanaonekana moja moja, sarafu haikutembea sana. Shuka kwenye sharubu na shavu. Ukiona mistari myembamba sambamba imepita juu ya shavu na juu ya uwanja mtupu, yaani sehemu isiyo na picha wala maandishi, bila kubadili mwelekeo, hiyo imesuguliwa na kitambaa au unga wa kusafishia masufuria. Fedha iliyozeeka kwa haki ina rangi ya kijivu, wakati mwingine buluu na zambarau pembeni, na rangi hiyo imeingia hata ndani ya herufi. Nyeupe tupu inayometa kama kijiko kipya, ilhali tai hana manyoya, ni sarafu iliyooshwa.

Kisha ukingo. Izungushe taratibu. Saa sita kamili, juu ya kichwa, ndipo kitanzi cha mkufu kilipochomelewa. Hata kikiondolewa na kupigwa msasa, meno ya ukingo hapo hukosekana au huwa yamelala. Mstari unaozunguka ukingo mzima ni mshono wa kalibu: sarafu hiyo imemiminwa, haikupigwa. Sarafu ya kumiminwa pia ina vipele vidogo uwanjani na herufi zenye mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika.

Za Tabora zina sheria zao. Heller 20 zilipigwa kwa haraka, kwa mashine za reli, na watu waliokuwa wakisikia mizinga inakaribia. Taji limekaa upande, nambari ni nene, uso haukujaa. Usiikatae kwa hilo. Iliyonyooka mno ndiyo ya kutilia shaka. Kwenye rupia 15 kuna aina mbili, hutofautishwa na mahali pambo la kulia linapoishia chini ya neno OSTAFRIKA: chini ya A au chini ya T. Aina hizo hazikupigwa kwa idadi sawa, kwa hiyo tazama kwa kioo mwenyewe, usimwachie muuzaji.

Sarafu iliyofungiwa kwenye sanduku la plastiki la NGC au PCGS, kampuni zinazokagua sarafu na kuzipa madaraja, ina daraja hadi 70 na namba ya cheti. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni, linganisha picha na sarafu iliyo mkononi, doa kwa doa. Masanduku nayo yanaghushiwa.

Na tembo wa dhahabu wa Tabora usimnunue nje ya sanduku kama si mzoefu. Wameghushiwa mno.

Hatua ya 7: Bei

Makoroboi ukitajiwa elfu kumi unaanza na nne, mnacheka, mnafika sita. Berlin ukianza na nusu bei, mtu anarudisha sarafu kwenye trei na mazungumzo yamekwisha. Muulize bei yake ya mwisho. Kawaida atashuka kama asilimia kumi. Ukichukua tatu au nne kwa pamoja anashuka zaidi. Ukikubali bei kwa mdomo, umenunua. Kurudi nyuma kunakuharibia jina, na meza zinazungumza.

Usikosoe sarafu ya mtu ili ishuke bei. Anajua kasoro zake. Wala usisimame mezani kuingilia biashara ya mwenzako anayejadiliana, hata kama unaona anaibiwa.

Siku ya mwisho alasiri ni ya vitu vya kawaida: senti za tundu kwa mifuko, shilingi za simba kwa trei. Hakuna anayetaka kurudi na mzigo mzito, na hapo ndipo kununua kwa mafungu kunalipa. Sarafu nzuri hazipo tena saa hizo.

Karibu na maonesho kuna minada pia. Kumbuka ada ya mnunuzi inaongezwa juu ya bei ya nyundo, ile ambayo mnada umefungiwa, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Ipige hesabu kabla ya kuinua mkono.

Hatua ya 8: Risiti, forodha, nyumbani

Dai risiti yenye maelezo ya kila sarafu: nchi, thamani, mwaka, madini, bei. "Sarafu za kale, mchanganyiko" haitoshi. Ukitua, tangaza forodhani na uonyeshe risiti hizo. Kabla ya safari waulize TRA ni kodi gani itakuhusu.

Hewa yetu ya ziwa haina huruma na shaba. Vifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni ni sumu. Baada ya muda hutoa ute wa kijani unaokula sarafu. Tumia vifuko vya kadibodi vyenye dirisha la plastiki ngumu, au makasha magumu ya mviringo. Raba za kufungia noti zisikaribie fedha, zinaitia weusi. Ndani ya boksi weka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, na uvibadilishe masika ikianza. Usioshe kitu, hata shemeji akikusihi.

Kila sarafu iwe na mstari wake daftarini: uzito uliopima mwenyewe, meza uliponunua, bei, picha pande mbili. Daftari lisikae boksi moja na sarafu.